Nyumba iko mita 180 kutoka barabarani, theluji kiunoni, trekta farasi 25: uzi wa wanaotaka kununua nyumba vijijini Marekani

MzeeWaBasotu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Juzi kwenye uzi wa maisha ya huku niliponyoka nikasema nina trekta la kuondolea theluji, tangu siku hiyo PM zimejaa. Wapo wanaotaka kununua nyumba vijijini kwa kuwa bei ni nafuu, na wapo wanaotaka kucheka tu. Wote karibuni. Mods naomba msiuunganishe.

Niko kaskazini mwa jimbo la New York, kwenye mwinuko unaoitwa Tug Hill, mashariki ya Ziwa Ontario. Jeshi ndilo lililonileta, kambi ya Fort Drum haiko mbali, na nilipomaliza mkataba tukaamua kubaki. Mke wangu ni muuguzi, zamu yake inaanza saa moja asubuhi, na wagonjwa hawajali kama kwako kumeanguka theluji. Nyumba tuliiona mwezi wa Juni. Miti ya kijani, njia ya changarawe inapinda taratibu mpaka barazani, nikajiona bwana shamba. Mita 180 kutoka barabara kubwa. Wakati ule niliona ni utulivu, sikuona ni kazi.

Hebu tupige hesabu. Njia ina upana wa mita 3.6. Ikianguka theluji ya sentimita 60 usiku mmoja, na huku si ajabu, hizo ni mita za ujazo kama 390. Theluji mbichi kavu ni nyepesi, tuseme kilo 80 kwa mita moja ya ujazo. Tani 31. Ikiwa ya majimaji, zidisha mara tatu. Kijiko cha trekta langu kinabeba robo ya mita ya ujazo. Fanya mwenyewe hesabu ya safari, halafu kumbuka una saa mbili na nusu kabla mama hajatoka na funguo za gari mkononi.

Inatoka wapi yote hiyo? Ziwani. Upepo wa baridi kali unapita juu ya maji ambayo bado yana joto la kiangazi, unabeba unyevu, ukifika nchi kavu na kupanda mlima unaumwaga. Waliokulia Usambara au Kibosho wanaujua mchezo huu, upepo wa baharini unapanda, mvua inashuka. Ziwa Erie, jirani yake, lina kina cha mita 64 tu, likiganda juu mchezo unapungua. Ontario linashuka mpaka mita 244, haligandi kirahisi, kwa hiyo linatumwagia hadi Machi. Februari 2007, kijiji cha Redfield huku kwetu kilipata inchi 141 kwa siku kama kumi. Hizo ni karibu mita tatu na nusu. Wazee wa hapa wanakusimulia kama sisi tunavyosimulia El Niño ya 1997.

Sasa kosa langu, maana ndiyo sababu ya uzi.

Baba yangu aliendesha trekta kwenye mashamba ya ngano ya Basotu, Hanang, enzi za mradi wa Wakanada. Nimekaa juu ya matairi ya trekta kabla sijajua kusoma. Wale Wakanada walikuwa wakimsimulia kwamba kwao nyumba hufunikwa na theluji mpaka madirishani, mzee akirudi nyumbani anatuambia wazungu wale ni waongo lakini mafundi. Kwa hiyo mimi trekta halinitishi, na hapo ndipo nilipoumia. Niliichukulia theluji kama udongo. Udongo ukiusukuma pembeni kazi imekwisha.

Msimu wa kwanza nilikuwa na kijiko cha mbele tu. Novemba ikaanguka ya sentimita 20, nikaisukuma kushoto na kulia, ukingoni kabisa mwa njia, nikapiga picha nikamtumia mzee. Ikaja nyingine, nikaisukuma mpaka ilipogusa ile ya kwanza. Nyingine tena. Kumbe ile ya kwanza ilikuwa imekwisha kuganda, imekuwa ukuta. Kila mara nikisukuma, mpya inakwama kwenye ukuta na kurudi ndani kidogo. Krismasi njia ikawa mita tatu. Mwisho wa Januari ikawa mita mbili na kitu, kuta zinanifika kifuani, trekta linapita kama treni kwenye handaki. Lori la kuleta gesi ya kupashia nyumba likafika barabarani, dereva akachungulia, akageuza.

Tulikaa siku nne na hita mbili za umeme, watoto wote chumba kimoja. Ikabidi nimwite mtu mwenye katapila kubwa avunje kuta. Alinitoza pesa ambayo mpaka leo mke wangu akikasirika anaitaja kwa senti.

Ndiyo maana mtu akiniuliza "trekta la farasi ngapi linatosha?" namjibu kwa swali: theluji ya mwezi wa kumi na moja utaiweka wapi? Mvua ikinyesha hutafuta njia yake yenyewe. Hii inakaa palepale ulipoiacha mpaka Aprili. Ile ndogo ya mwanzo, ambayo kila mtu anaidharau na hata magari yanapita juu yake, ndiyo ya kuisukuma mbali kuliko zote. Mimi sasa hivi ya Novemba naipeleka mita mbili au tatu nje ya ukingo, naingia kwenye nyasi kabisa. Jirani alikuwa akinishangaa.

Naendelea kwenye comment, simu inaishiwa chaji.

Kapuku_wa_Tandika

Nimekaa paleee na kahawa. Huku Dar tunatafuta feni, wenzetu wanatafuta katapila la kuvunja friji.

MzeeWaBasotu

😂 Endelea kunywa.

Vifaa. Trekta ni dogo la Kijapani, dizeli, farasi 25, linavuta magurudumu yote manne. Mbele lina kijiko. Msimu wa pili nilinunua mashine ya kurusha theluji, inafungwa nyuma kwenye mikono mitatu na kuzungushwa na PTO, yaani shafti ya nyuma ya trekta inayotoa nguvu ya injini. Upana wake mita moja na nusu. Kwa asiyeijua: mbele ina skrubu kubwa kama ya mashine ya kusagia nyama, inakusanya theluji katikati, nyuma yake kuna feni ya chuma inayoitupa juu kupitia bomba lenye shingo inayogeuka. Ikiwa kavu inaruka mita kumi na zaidi. Yaani haijengi ukuta. Hiyo ndiyo faida yenyewe, mengine ni mbwembwe.

Hasara ni kwamba unafanya kazi kinyumenyume. Saa mbili umegeuza shingo kama bundi. Kuna za kufunga mbele, ni raha, ila bei yake nilipoiona nikaamua shingo yangu bado ina nguvu.

Theluji ikiwa imepita kimo cha mashine, usiingie kwa pupa. Nainyanyua mashine nusu, nakula tabaka la juu, narudi kula la chini. PTO iende kasi yake kamili, mizunguko 540 kwa dakika, na mwendo wa trekta ndio uupunguze. Wageni wengi hufanya kinyume. Wanashusha injini ili waende polepole, feni inakosa nguvu, theluji inashindwa kupanda, bomba linaziba. Langu linaendeshwa kwa pedali ya haidroli, kwa hiyo natambaa kama kinyonga huku injini inanguruma.

MinnesotaBoy254

Mzee heshima. Mimi niko Minnesota, town, driveway yangu ni ya magari mawili, nina kale kadogo ka kusukuma na mkono. Swali: kuna jamaa wa kazi ana acre tano na anatumia bledi pekee, lile bamba la kusukumia, nyuma ya pickup. Anasema blower, hiyo mashine yako ya kurusha, ni kupoteza pesa. Ukweli ni upi?

MzeeWaBasotu

Jamaa yako hadanganyi, yuko kwenye theluji yake. Bledi ni ya haraka, mita 180 ni dakika ishirini umemaliza, haina vitu vingi vya kuvunjika. Tatizo inataka mahali pa kusukumia, na inajenga kuta zile zile nilizosema. Kama kwenu huanguka sentimita kumi, upepo ukapeperusha, siku mbili jua likatoka, bledi inatosha. Huku hulioni jua mpaka ulisahau. Hata mimi bledi ninayo, natumia kwenye za kwanza mbili tatu, na mwezi wa tatu ikishakuwa uji.

FundiSpana

Mkuu hizo mashine si ndiyo zina bolti laini za makusudi? Niliwahi kuona ya aina hiyo kwenye mashine ya kuvuna.

MzeeWaBasotu

Fundi umegusa kidonda. Ndiyo. Skrubu imeshikwa kwenye shafti kwa bolti zilizotengenezwa zikatike. Ikimeza jiwe au gogo, bolti inakatika, sanduku la gia linapona. Unasikia "tak!", injini inabaki inanguruma kwa furaha lakini skrubu imesimama.

Mwaka ule wa pili usiku mmoja zilinikatikia tatu, nikaishiwa. Nikaingia gereji nikaona bolti nene nzuri, kipimo kilekile, ngumu ya chuma chenyewe. Nikasema hii haikatiki. Na kweli haikukatika. Ilikutana na kipande cha gogo alichokiburuta mbwa, kikakatika kitu cha ndani zaidi. Meno ya gia niliyaokota kwenye mafuta na sumaku. Siku hizi chini ya kiti kuna kopo la maziwa lina bolti kumi na mbili, spana mbili na nyundo ndogo, na mke wangu anajua kopo hilo halihamishwi hata nyumba ikiungua.

Na changarawe: chini ya mashine kuna viatu viwili vya chuma vya kuinua ulimi usiguse ardhi. Mimi nimeviweka sentimita tatu hivi. Theluji ya mwanzo kabisa naishindilia kwa matairi, iganDE iwe sakafu, ndipo juu yake nafanya kazi. Usipofanya hivyo unarusha mawe, na mawe yanajua dirisha la jirani lilipo.

(samahani kwa herufi, nimevaa glovu)

binti_makete

Sisi wa Makete tunaijua sakitu, asubuhi majani meupe na maji kwenye ndoo yana ngozi. Nilidhani naijua baridi. Swali la kijinga: kwa nini msimwage chumvi? Au maji ya moto?

MzeeWaBasotu

Si la kijinga, binti, kila mgeni analiuliza. Chumvi ni ya kumalizia utando mwembamba, haiwezi kula sentimita 60. Baridi ikizidi nyuzi 9 au 10 chini ya sifuri, chumvi ya kawaida inakaa pale kama mchanga. Halafu kwenye changarawe inakuachia tope na nyasi zilizokufa. Mimi nanyunyiza mchanga mkavu pale kwenye mteremko, basi. Maji ya moto usithubutu. Kwa dakika mbili utafurahi, ya tatu umejitengenezea kioo, ya nne umekaa chini na kiuno kinauma.

Mkongo_wa_Maine

Kaka, asante sana kwa maelezo. Miye niko Maine, tuko na shamba pamoja na ndugu wengine, trekta tunayo ya kulimia. Asubuhi ya baridi inakataa kuwaka kabisa. Betri ni mupya. Shida ni nini?

MzeeWaBasotu

Ndugu, karibu. Kama inazungusha vizuri lakini haishiki, nashuku mafuta. Dizeli ina nta ndani yake. Umeshaona mafuta ya nazi asubuhi ya baridi yanavyokuwa meupe kwenye chupa? Ni hivyo hivyo, nta inaganda inaziba chujio, injini inakosa chakula. Kama tenki lina dizeli mliyonunua wakati wa kulima, hiyo ni ya kiangazi. Vituo vya huku hubadili mchanganyiko majira ya baridi, kwa hiyo tumieni ya zamani iishe kabla ya Novemba, mjaze mpya. Dawa ya kuzuia kuganda inawekwa kabla, ikishaganda ile dawa ya kawaida haiyeyushi, mtabadili chujio na kuliingiza trekta mahali pa joto.

Pili, fungeni hita ya injini, ile ya kuchomeka ukutani. Mimi nina saa ya umeme inaiwasha saa nane usiku, nikitoka saa kumi alfajiri injini ina uvuguvugu. Na ikiwaka msiikurupushe. Mafuta ya haidroli yamekuwa mazito kama asali, iacheni inguruma taratibu dakika kumi na tano. Mimi hapo ndipo ninapozunguka na tochi nikiangalia minyororo ya matairi.

Minyororo ni ya lazima, wakuu. Trekta langu lilikuja na yale matairi ya vizuizi vipana, ambayo kwenye barafu ni sabuni. Niliteleza kinyumenyume mteremko mzima nikiwa nimekanyaga breki mpaka chini, trekta linashuka kwa heshima zote kama bibi harusi, likasimama kwenye mti wa mpapai. Namaanisha mti wa mepo (maple). Mazoea.

Kapuku_wa_Tandika

Mpapai New York 😂😂😂 mzee umekumbuka nyumbani.

MinnesotaBoy254

Na ile tuta ya theluji malori ya county ya kusafisha barabara yanakuachia kwa mdomo wa driveway baada ya kumaliza? Hiyo ndio huniharibia siku. Unamaliza, unaingia kunywa chai, lori linapita, unafungiwa tena.

MzeeWaBasotu

Hiyo ndiyo PhD ya kazi hii. Lile tuta si theluji tena, ni theluji iliyosagwa, ikachanganyika na chumvi na barafu, ukiiacha saa mbili inakuwa zege.

Kuna ujanja nilioonyeshwa na mzee mmoja mfugaji wa ng'ombe. Simama kwenye mdomo wa njia yako ukiitazama barabara. Huku tunaendesha kulia, kwa hiyo lori la upande wako linatokea kushoto na bledi yake inamwaga kulia kwake, yaani kwako. Basi chimba mfuko pembeni mwa barabara upande wako wa kushoto, kabla ya mdomo, urefu wa mita sita saba. Lori likifika pale linatua mzigo ndani ya mfuko, likipita kwenye mdomo wako bledi iko karibu tupu. Haimalizi tuta lote ila linakuja la kufika kifundo cha mguu badala ya goti. Na uchafu wako wa mdomoni uweke kulia, usiuweke kushoto, maana utarudishiwa kesho na salamu.

Tuta lenyewe nalivunja kwa kijiko, mashine ya kurusha siigusishi, ndipo bolti zinapoisha. Na usivukishe theluji barabarani kuipeleka ng'ambo, sheria ya hapa inakataza, na gari likiteleza kwa ajili yako utajibu.

binti_makete

Mbona hujasema habari ya hatari? Kaka yangu alipoteza kidole kwenye mashine ya kukoboa.

MzeeWaBasotu

Pole sana kwa kaka. Umefanya vizuri kunikumbusha.

Bomba likiziba, na theluji ya majimaji ya karibu na sifuri itaziba tu, mkono hauingii. Hata injini ikiwa imezimwa. Feni ile inakuwa imebanwa kama upinde, ukiondoa kipande kilichoikwamisha inafyatuka mzunguko mmoja au nusu, na nusu inatosha. Nazima injini, natoa PTO, natia funguo mfukoni, natumia mpini wa ufagio. Kabla ya kuanza napaka bomba kwa ndani mafuta ya kupikia, haligandi ovyo.

Shafti ya PTO ni mizunguko tisa kwa sekunde moja. Skafu aliyonifumia mama mkwe ni nzuri mno, nimeitundika sebuleni. Juu ya trekta sivai kitu kinachoning'inia.

Kingine ambacho hakina uhusiano na trekta lakini kimeua watu: nyumba nyingi za huku tanuru la joto linapumulia kwa bomba la plastiki linalotoka ukutani, chini tu. Usije ukarushia theluji upande huo. Likizibwa, bahati yako ni tanuru kujizima, na bahati mbaya ni ile hewa ya sumu isiyo na harufu kurudi ndani. Gari lililofukiwa nalo, fukua bomba la moshi kwanza, ndipo uwashe.

Na Oktoba, kabla ardhi haijaganda, pigilia vijiti virefu vyenye utepe wa kung'aa pande zote mbili za njia. Februari hutajua mtaro uko wapi. Mimi nina kijiti kila mita nane, na viwili vyekundu pale lilipo shimo la maji machafu, maana mke wangu alisema nikilipasua lile nalala nalo.

FundiSpana

Uzi bila picha mkuu?

MzeeWaBasotu

Picha kesho. Saa hizi ni saa tatu usiku, wametangaza mkanda wa theluji ya ziwani unageukia kwetu kuanzia saa sita. Nimeshachomeka hita. Nalala.

MzeeWaBasotu

Mrejesho, saa kumi na mbili na robo asubuhi. Sentimita 55 mbele ya gereji, nyepesi kama pamba ya mto. Nimetumia saa moja na dakika hamsini. Bolti moja imekatika, gazeti la Jumapili lililogandia ndani ya mfuko wake likaingia kwenye skrubu. Upana wa njia bado mita tatu na nusu, nimepima kwa hatua.

Mama amepita kwenda kazini, amepunguza mwendo, akashusha kioo. Nikajua sasa nasifiwa. Akasema taa ya nyuma ya trekta haiwaki.

Picha nitaweka ndevu zikiyeyuka.